Samaki Waliolazwa Wodi ya Watoto

Siku mliponiaga kwa soda na keki, mmoja wenu alisimama akasema Sista Syombua atakumbukwa kwa mambo mawili: sindano isiyouma, na samaki. Kuhusu sindano mlidanganya, na watoto wa Kitui nzima ni mashahidi wangu. Kuhusu samaki mlisema kweli, ila naona mnaijua nusu, tena ile ya kuchekesha. Basi acha niandike yote nikingali na miwani yangu na akili zangu. Vyeo sitavitaja. Mshahara nao hauna hadithi. Ulikuja, ukaenda, na mara nyingine ulienda kabla haujaja.

Nilianza kazi miaka ya sitini kwenye zahanati ndogo ya Makueni, wakati huo Makueni ikiwa bado upande wa Machakos. Nyinyi mnaofungua sindano mpya kutoka kwa karatasi mngelia. Sisi tulikuwa na sindano za kioo, tukizichemsha kwenye stovu ya mafuta ya taa, na ncha ikianza kuwa butu tunainoa kwa jiwe kama kisu cha jikoni. Siku yangu ya kwanza nilichemsha sindano zote nne zilizokuwepo mpaka maji yakakauka na zikapasuka. Mganga msaidizi aliyekuwa mkubwa wangu hakunigombeza. Alichungulia sufuria, akasema angalau vijidudu wamekufa, akatoka kwenda kuwaambia wagonjwa warudi kesho.

Miaka ya sabini ilipoanza nikahamishiwa Kitui mjini, wodi ya watoto, chini ya Metroni Ndunge. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mwanamke mnene, mkimya, mwenye kidevu cha heshima, na alizungumza midomo ikiwa imefungwa nusu, kana kwamba maneno ni dawa ya kupimwa kwa kijiko. Kanuni yake kubwa ilikuwa moja: kabla ya kusoma chati ya mtoto, tazama sahani yake. Mtoto anayemaliza chakula anapona, asiyemaliza ana neno. Niliifuata kanuni hiyo miaka mingi, na iliniongoza vizuri isipokuwa mara moja, ambayo ndiyo nataka kuwasimulia.

Lakini samaki waliingiaje? Waliingia kwa sababu ya saa. Ile saa ya kifuani tunayopimia mapigo ya moyo iligoma, nikaipeleka mjini kwa Bwana Nurdin, fundi wa saa. Duka lake lilikuwa jembamba kama kabati. Upande mmoja saa zote za Kitui zilikuwa zimelala kwenye visahani zikingoja vipuri, na upande wa pili kulikuwa na sanduku la kioo lenye maji, majani na samaki wadogo wasiozidi urefu wa kidole. Nilikuja kwa ajili ya saa nikasahau saa. Mimi ni Mkamba wa mlimani; samaki niliyemjua ni yule mkavu wa sokoni, na hata huyo mama yangu alimwita nyoka aliyebahatika kupata mapezi. Sikuwa nimewahi kumwona samaki akigeuka, akanitazama usoni, akaendelea na shughuli zake.

Nikamuuliza Bwana Nurdin kama anaweza kuniuzia wawili. Akatoa jichoni ile lenzi ndogo ya mafundi wa saa, akasema kwanza nimletee birika langu la chai.

Nilidhani anataka chai. Kumbe alitaka kuona ndani ya birika. Nilipolileta, akalikwaruza kwa ukucha na kunionyesha ule ukoko mweupe wa chumvi unaoachwa na maji ya kisima. "Sista," akasema, "wewe huchagui samaki. Maji yako yashachagua. Kazi yako ni kukubali."

Mume wangu Munyao, mwalimu wa hesabu, alilisikia jambo hilo akaliona ni porojo za muuza duka. Alikuwa na safari ya Nairobi, akarudi na wawili kwenye mfuko wa plastiki, wazuri ajabu, wa samawati na manjano kama kanga mpya, ambao muuzaji alimwambia asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini, kwenye maji laini kama ya mvua. Tuliwatia maji yetu yale yale ya chumvi. Wa kwanza alikufa kabla hatujamaliza kumsifu, wa pili akamfuata. Munyao aliwazika chini ya mpapai kwa heshima zote, na tangu hapo mtu akimwomba ushauri wa jambo lolote, hata la kununua mbuzi, humwambia aanze na birika.

Bwana Nurdin hakucheka, angalau si mbele yangu. Alinipa wale aliowafuga mwenyewe, waliotokana na wachache aliotumiwa na shemeji yake wa Kisumu. Wanaishi kwenye matete ya kule ziwani na ni binamu wadogo wa tilapia, isipokuwa hawa hawafikii sufuria. Maji ya chumvi kidogo hayawasumbui. Dume anang'aa samawati na dhahabu, na mwishoni mwa pezi la chini ana doa jekundu. Jike ana rangi ya vumbi, kama sisi tukitoka kazini. Aliniketisha kwenye kigoda akaniambia niwatazame bila kusema neno mpaka chai yangu iishe. Nichague anayekuja kwenye kioo kuniangalia, si anayejificha pembeni. Mapezi yawe wazi, hayajakunjwa kama mwavuli. Tumbo lisiwe limebonyea. Anapopumua asiwe anahema. Na asichukuliwe yeyote kabla sijamwona akila. Nilitaka dume kubwa kuliko wote. Akakataa, akanipa la wastani, akisema lile kubwa lishazoea kupiga wenzake. Dume moja, majike matatu. Nikamwambia mpango huo naujua, na siku zote wanaoupendekeza ni wanaume. Akanieleza kwa upole kwamba jike akiwa mmoja, dume humfukuza mchana kutwa mpaka afe. Wakiwa watatu, wanagawana usumbufu.

Sanduku lilitengenezwa na fundi wa milango wa hapo mjini: fremu ya chuma, vioo vinne vya dirisha na kimoja kinene cha chini, vyote vimeshikwa kwa ile pati ya kubandikia vioo vya madirisha. Ukubwa wake ulikuwa kama sanduku la bati la mtoto wa bweni. Chini tulitia mchanga wa mtoni nilioosha mpaka mikono ikachubuka, maana usipoosha maji yanakuwa chai ya maziwa kwa juma zima. Juu ya mchanga tukaweka vigae vya chungu kilichovunjika, ili kila jike awe na pa kujificha dume likipandwa na wazimu. Pampu ya hewa hatukuwa nayo, na hata tungekuwa nayo umeme wa nyumba za wafanyakazi ulikuwa na tabia zake. Kwa hivyo samaki wachache, majani mengi. Kila Jumamosi natoa robo ya maji, natia mengine yaliyokaa kwenye ndoo tangu jana yake. Yale machafu nayamwagia sukuma wiki, na sukuma wiki yangu ilisifiwa mpaka kanisani. Mwezi wa saba, baridi ikishuka, nalifunika sanduku kwa blanketi, na Munyao anauliza kama nimebakisha hata shuka kwa ajili ya binadamu.

Chakula chao kikuu kilikuwa viluwiluwi vya mbu. Niliweka pipa la maji nyuma ya nyumba nikavifuga. Siku moja afisa wa afya alipita akikagua nyumba za hospitali, akafunua pipa, akanitazama kwa muda mrefu. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha akina mama kufunika maji yao. Nilimwambia kila kiluwiluwi mle ndani kimehukumiwa kifo. Akaandika kitu, akaenda, na alhamdulillahi sikuitwa popote.

Mambo yaliharibika pale watoto waliolazwa walipopata habari. Wale waliokuwa wanapata nafuu, wenye bandeji na magongo, walianza kuvuka uwanja kuja kuchungulia dirishani kwangu. Siku moja wakati wa kuhesabu vitanda Metroni Ndunge alikuta vitano vitupu. Wagonjwa wote watano walikuwa wamejipanga kwenye dirisha la sebule yangu, mmoja akiwa na chupa yake ya maji ya mshipa mkononi. Nikajua nimefutwa kazi. Metroni aliwarudisha kimya kimya, halafu akaniita ofisini. Alisema hospitali haiwezi kuwa na wagonjwa wanaotoka kwenda kutembelea samaki. Akainyoosha kofia yake. Kisha akasema basi samaki walazwe.

Ndivyo walivyolazwa. Tuliliweka sanduku juu ya meza imara karibu na dirisha, mbali na jua kali. Watoto wakawapa majina siku hiyo hiyo. Dume wakaliita Daktari, kwa sababu lilizunguka asubuhi na jioni likijionyesha, kisha likaondoka bila kufanya kitu. Jike mkubwa, mkimya, mwenye kidevu, wakamwita Metroni. Niliwakataza. Nilipowakataza waliitikia, na nilipogeuka jina likabaki.

Mwikali aliletwa mwaka ambao mvua ilikosa mara mbili mfululizo. Alikuwa na umri wa miaka minane hivi, kutoka ndani kabisa kupita Mwingi. Punda aliyebeba madumu ya maji alishtuka akamwangusha na kumkanyaga, mfupa wa paja ukavunjika. Baba yake, Kilonzo, mfanyabiashara wa mbuzi, alimleta kwa lori la mifugo akiwa amelala juu ya magunia. Mama yake hakuweza kuja. Alikuwa amejifungua majuzi na nyumbani kulikuwa na wengine wadogo. Kilonzo alikaa siku moja, akatuachia mtoto, akarudi kutafuta mbuzi waliosalia, maana wakati ule walikuwa wanakufa kabla ya kufika sokoni.

Mguu wa Mwikali ulifungwa ukavutwa kwa uzito uliotundikwa mwisho wa kitanda, naye akaambiwa atalala chali hivyo kwa majuma mengi. Tukampa kitanda cha kando ya sanduku la samaki, ili awe na cha kutazama. Kwa kunyoosha mkono aliweza kugusa kioo. Hakuwa mtoto wa kulia. Alikuwa anatazama tu, na baada ya siku chache alijua tabia za kila samaki kuliko mimi.

Kisha mambo mawili yakaanza kwa pamoja, na mimi niliyaona kama mawili.

La kwanza, maji ya samaki yalichafuka. Yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, yakinuka uchachu, na samaki wakapanda juu kuhema. Nikabadilisha robo, kesho yake yakarudi vilevile. Niliwalaumu wafagiaji, kwamba wanatia ndoo za sabuni karibu. Wafagiaji walinuna na hawakukosea kununa. Pia Metroni, yule samaki, aliacha kula. Nikitia viluwiluwi wenzake wanavirukia, yeye anajikunyata nyuma ya kigae, kidevu kimevimba. Nilidhani ni ugonjwa wa maji machafu.

La pili, Mwikali alikuwa anakonda. Sahani yake ilirudi safi kila mlo, kana kwamba imelambwa. Kwa kanuni ya Metroni Ndunge mtoto huyu alikuwa anapona vizuri kuliko wote. Lakini nilipomwosha nilihesabu mbavu zake bila kutaka, na daktari alipotazama picha ya mfupa alisema hauungi inavyopaswa, akaniuliza mtoto huyu anakula nini. Nikamjibu anakula kila kitu. Akauliza basi kinaenda wapi.

Niliichukua chupa ya yale maji machafu nikaipeleka kwa Bwana Nurdin. Alinusa tu. "Hii ni chakula, Sista," akasema. "Mtu analisha samaki wako ugali."

Mchana huo sikwenda kula. Niliketi nyuma ya pazia la kitanda cha ng'ambo nikikunja bandeji. Muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, uligawiwa na ugali kidogo pembeni. Mwikali alikula vijiko viwili, akatazama huku na huku, kisha akaufinyanga ugali kuwa vitonge vidogo vidogo, akanyoosha mkono, akavidondosha kimoja kimoja pale kwenye pembe isiyofunikwa ya sanduku. Muthokoi wenyewe aliumiminia kwenye bakuli la Kioko, mvulana wa kitanda kilichopakana na chake, ambaye sasa nilielewa kwa nini alikuwa ananenepa.

Nikatoka nikaketi kitandani kwake. Nikamuuliza anafanya nini. Hakuficha.

"Nampa Metroni," akasema. "Hakuli."

"Na wewe mbona huli?"

"Chakula ni kidogo, Sista. Metroni anaacha ndio hao wengine washibe. Wakipata mingi, atakula."

Nikamwambia hapa chakula kipo cha kutosha, cha watu na cha samaki, wala Metroni hamwachii mtu. Alinitazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto anayesema mambo asiyoyajua.

"Mama pia anasema hivyo," akasema. "Anasema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Nilimwona nyuma ya nyumba akilamba mwiko."

  Nilimfunika shuka ambalo hakulihitaji, nikaenda kusimama stoo kwa muda.

Nilimweleza Metroni Ndunge. Akasema kwamba miaka yote hiyo alikuwa akitazama sahani, na hakuna siku alipouliza sahani imemalizwa na nani. Aliniambia nimlete yule fundi wa saa, kama kweli anawajua samaki.

Bwana Nurdin alikuja Ijumaa baada ya sala, na kofia yake nyeupe, akiwa amefunga duka kwa sababu hiyo tu. Alimtazama yule jike akatabasamu. Hakuwa mgonjwa. Samaki wa aina hii, akatueleza, jike akishataga hukusanya mayai yote akayaweka kinywani, na humo yanaanguliwa. Muda wote huo hali, maana akila atameza watoto wake. Ndiyo sababu ya kidevu. Nilikumbuka kwamba alishawahi kuniambia mambo hayo dukani, na mimi nikayasikia kama mtu anavyosikia mahubiri ya pili ya Jumapili.

Mwikali hakuamini. Alisema hakuna mtu anayeweka watoto mdomoni. Bwana Nurdin hakubishana naye. Alitoa ile lenzi yake mfukoni, akamfundisha jinsi ya kuishika kwa nyusi na shavu, akasogeza kigae polepole kwa kijiti mpaka jike akaja karibu na kioo, upande wa kitanda. Ngozi ya koo lake ilikuwa imetanuka ikawa nyembamba. Mwikali alitazama kwa muda mrefu sana.  Hata Kioko aliacha kutafuna.

"Wako na macho," Mwikali akasema.

Akauliza kama watatoka mdomoni karibuni. Bwana Nurdin akasema ni siku chache zimebaki. Akauliza kama mama atakula wakitoka. Akaambiwa atakula kama simba. Mwikali akarudisha lenzi, akafikiri, akasema basi na yeye atakula, ila hiyo siku Metroni apewe kwanza. Tukakubaliana. Jioni hiyo nilikaa kando yake mpaka kijiko cha mwisho, na Kioko akaanza kupungua.

Sasa nawaambia ukweli: siku zile nilimwogopea yule samaki kuliko nilivyowahi kuwaogopea wagonjwa wengine. Nilitenganisha dume kwa kipande cha kioo cha dirisha lisimsumbue. Niliyabadilisha maji kidogo kidogo, nikashikilia ndoo kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Daktari, yule wa kweli, alianza kuuliza habari za samaki kabla ya kuuliza halijoto za watoto. Ugonjwa wote wa wodi ulikuwa umehamia kwenye koo la samaki mmoja wa urefu wa kidole.

Asubuhi moja niliingia zamu nikamkuta Metroni anaogelea katikati ya sanduku, kidevu kimenywea, anatafuta chakula. Nikatafuta watoto. Nikatafuta nyuma ya vigae, chini ya majani, kwenye mchanga. Hapakuwa na hata mmoja.

Ziara ya madaktari ilikuwa inaingia mlangoni, na pamoja nao daktari mgeni aliyeripoti siku hiyo. Metroni Ndunge alikuwa mbele, na kofia yake imenyooka. Kabla sijamfikia mtu yeyote, Kioko akatangaza kwa sauti ya karani wa mahakama kwamba Metroni amemeza watoto wake wote. Daktari mgeni alimtazama Metroni Ndunge. Metroni Ndunge aliwatazama watoto, akatutazama sisi, na nikaona jina ambalo tulilificha miezi yote limemfikia. Akasema, kwa utulivu wake, kwamba ingekuwa vizuri ziara ianzie kitanda cha mwisho leo.

Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Mwikali. Niliketi kando yake nikaanza kutafuta maneno, kwamba ni uzazi wa kwanza, kwamba maji yalikuwa yamechafuka, kwamba wengine huwa hawajui. Maneno ya Bwana Nurdin yote yalinitoka nusu nusu. Yeye hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anamtazama yule jike.

"Mpe, Sista," akasema.

Nikatia viluwiluwi. Jike aliwarukia wenzake akawasukuma, akala mpaka tumbo likatokeza. Mwikali alitazama mpaka cha mwisho, na uso wake ulikuwa na utulivu ambao sikuutarajia. Sisi tulikuwa tumehesabu watoto waliopotea. Yeye alikuwa na habari moja tu asubuhi ile, na ilikuwa njema.

"Amekula," akasema. Kisha akaomba uji.

Kuanzia hapo alikula. Mfupa nao ukaanza kuunga. Mama yake alifika Jumapili moja, Kilonzo amempandisha lori kutoka Mwingi, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa mwanamke kijana, lakini amekauka kama kuni. Chakula cha mchana kilipokuja alikuwa bado hajaondoka. Mwikali aliipokea sahani yake, akaigeuza, akamsogezea mama yake.

Mama akacheka kidogo akasema yeye ameshiba, wamekula njiani. Mwikali akamshika mkono na kuweka kijiko ndani yake.

"Kula, mama," akasema. "Yangu italetwa."

Kanuni ya hospitali, kama mnavyojua, ni kwamba chakula cha wodi hakiliwi na mgeni. Metroni Ndunge alikuwa amesimama hapo hapo. Nikamwona anageuza mgongo, anainamia sanduku la samaki na kulikagua kama mtu aliyeagizwa na serikali, huku akiniambia bila kugeuka kwamba kitanda namba nane, kile cha Mwikali, hakijapewa chakula bado, na kwamba ninazembea. Nikaleta sahani ya pili. Yule mama alikula taratibu mwanzoni, akisimama kila baada ya kijiko kana kwamba atakatazwa. Baadaye hakusimama. Metroni Ndunge aliwatazama samaki mpaka sahani zote mbili zikawa tupu, na siku hiyo alijua ni nani aliyezimaliza.

Mwikali aliondoka kwa magongo. Baadaye yule jike alitaga tena, na safari hii alijua kazi yake. Alitoa watoto wadogo kama punje za ufuta, na kila kivuli kikipita walikimbia kurudi kinywani. Mwikali aliporudi kukaguliwa mguu, hakwenda kwa daktari. Alikuja moja kwa moja wodini, akichechemea kidogo tu, akasimama mbele ya sanduku, mara ya kwanza kulitazama akiwa wima. Alihesabu, akakosea, akaanza upya.

Wodi ilikuwa imejaa siku hiyo, surua imeingia, na mimi nilikuwa mbio tangu alfajiri. Nilipita karibu naye nimebeba trei, nikamsalimia, nikaendelea. Akaniita. Nilidhani anataka kuniuliza idadi ya samaki.

"Sista," akasema, "wewe umekula?"

Nikamwambia nimeshiba.

 Alivuta benchi, akaketi, akaweka gongo lake sakafuni katikati ya njia ambayo lazima nipite, akanitazama usoni. Baba yake alimwambia lori linangoja. Akasema lingoje.

Nikaiweka trei mezani nikaenda kula.